Kufunga, kukimbia, kuungama au kushika Neno: ipi itakusaidia kwenye jaribu lako wewe?

Kuna swali vijana tunaosali nao huku Kirumba, Mwanza, wananiuliza sana, na wale wavuvi wanaoshuka Mwaloni, pale boti za dagaa zinapofikia, kutoka visiwani nao wanakuja nalo hilo hilo: nimeokoka, nampenda Yesu kweli, ila kuna kitu kimoja kinanirudisha nyuma kila siku, nimeshafunga, nimeshaombewa, sasa nifanyeje? Na majibu wanayopewa yanagongana. Mchungaji anamwambia funga, mama mlezi wa vijana anamwambia hama hapo unapokaa, rafiki anamwambia tafuta mtu umfungukie, mzee wa kanisa anamwambia we soma Neno tu. Wote wanne wana Biblia mkononi na wote wanne wako sahihi, shida ni kwamba hizi njia hazifanyi kazi moja. Mwizi akiwa anaingilia mlango wa nyuma, kuweka kufuli tatu mlango wa mbele hakukusaidii kitu, na ndo maana unakuta mtu amejitesa na mfungo miezi na miezi kwa jambo ambalo lingepungua sana kama angehamisha tu simu yake.

Kabla sijaendelea niseme hili maana watu huwa wanalichanganya. Hakuna njia hapa inayokununulia wokovu, Waefeso 2:8-9 imeshamaliza hiyo habari, tumeokolewa kwa neema. Lakini Waebrania 12:14 nayo inatuambia tuutafute utakatifu kwa bidii, kwa hiyo bidii ipo, na bidii inahitaji akili.

Nitazipima zote nne kwa maswali yale yale. Inaziba wapi, yaani inashughulika na mwili, mazingira, siri au mawazo. Inagharimu nini. Inadumu? Hatari yake iko wapi. Na inamfaa nani.

KUFUNGA NA KUOMBA

Inaziba wapi: inashughulika na mwili. Mtu aliyezoea kuupa mwili kila unachotaka, ukitaka soda anakunywa, ukitaka kulala analala, ukitaka kuangalia anaangalia, siku likija jaribu zito hajui kuuambia hapana maana hajawahi kuukatalia hata kitu kidogo. Bwana Yesu aliwaambia wanafunzi Gethsemane wakeshe na kuomba wasije wakaingia majaribuni, roho i radhi lakini mwili ni dhaifu (Mathayo 26:41), na hapo walikuwa wamelala.

Gharama: pesa haidai, inadai nguvu. Na hapa tuwe wakweli, mama anayeanika dagaa jua la ziwani linampiga juu na mchanga unamchoma miguu, kutwa nzima ameinama anageuza, huyo ukimwambia afunge kavu siku tatu unamtafutia kuanguka. Afunge kwa mlo mmoja wa jioni na maji anywe, Mungu anaona. Hata Kanisa Katoliki kwenye siku zake za mfungo wa lazima, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, linawataka waliofikisha miaka 18 mpaka wanapoanza mwaka wa 60 wale mlo mmoja kamili, na mgonjwa halazimishwi.

Inadumu? Hapa ndo udhaifu wake ulipo. Mfungo una mwisho. Makanisa mengi Januari yanatangaza siku 21, watu wanawaka moto kabisa, alafu Februari inaingia mtu yuko pale pale, kwa sababu nyumba ilifagiwa ikapambwa ikaachwa tupu na yule roho akarudi na wenzake saba (Mathayo 12:43-45). Mi naona afadhali siku moja kila wiki mwaka mzima kuliko mfungo mmoja mkubwa wa kishindo.

Hatari: ya kwanza afya. Una vidonda vya tumbo, una kisukari, una mimba, unatumia ARV au dawa za TB, ongea na daktari kwanza na dawa usiache hata siku moja, mtu yeyote anayekwambia uache dawa kwa sababu uko kwenye maombi usimsikilize. Ya pili ni ile ya Isaya 58, watu wanafunga huku wanawakandamiza wafanyakazi wao. Tajiri wa boti anayefunga Jumatano na huku amekalia mgao wa vijana wake toka mwezi uliopita, huyo aanze kwa kulipa.

Inamfaa: mtu ambaye jaribu lake ni ulafi wa mwili kwa ujumla, ulevi unaoanza, uvivu wa maombi, na mtu aliye kwenye uamuzi mzito. Kama shida yako ni siri ya muda mrefu, kufunga peke yake kutakuchosha.

KUKIMBIA, YAANI KUBADILI MAZINGIRA

Inaziba wapi: inaziba nafasi. Yusufu pale Mwanzo 39 alikuwa anasumbuliwa siku baada ya siku na mke wa Potifa, na siku aliposhikwa vazi hakuanza kukemea wala hakusema ngoja niombe kwanza, aliacha vazi akatoka mbio. Paulo anasema ikimbieni zinaa (1 Wakorintho 6:18), na Yakobo anasema mpingeni Shetani naye atawakimbia (Yakobo 4:7). Sisi tunageuza, Shetani tunamkimbia na zinaa tunajaribu kupambana nayo tukiwa chumba kimoja.

Huku ziwani wote tunajua jaribu lina msimu. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, mwezi ukishakuwa mkubwa taa haivuti tena, boti zinapumzika. Sasa angalia kinachotokea mwaloni wakati wa mbalamwezi: hesabu zimepigwa, kijana ana pesa taslimu, kazi hana kwa siku kadhaa, nyumbani kwake ni mbali, muziki unapigwa, pombe ipo, na kila mwenye biashara yake anajua kwamba pesa imetoka. Ni ile ile ya Daudi kwenye 2 Samweli 11, wakati wafalme wanaenda vitani yeye kabaki Yerusalemu, jioni anaamka kitandani anatembea juu ya dari. Uriya alikufa kwa sababu ya jioni ile moja ya kukaa bure.

Kuna kijana anavulia upande wa Ukerewe, huwa namtolea mfano sana kwa wenzake. Akishapewa chake hasubiri hata kuoga, magamba ya dagaa bado yamemganda viganjani mpaka simu inamteleza, anaenda moja kwa moja kwa wakala anatuma karibu yote kwa mke wake, anabakiza nauli na hela ya kula, alafu anashika njia ya Nansio apande meli ya kuja Mwanza. Wenzake wanaoga, wanabadili nguo, wanasema tupate moja moja. Yeye anasema akishaoga tu amekwisha, maana akishavaa nguo safi hana sababu tena ya kuondoka.

Na kwa nyie ambao mwalo wenu ni simu, ni vile vile. Bando la usiku ni rahisi na usiku hakuna anayekuona. Simu ilale sebuleni, nunua saa ya kengele, zinauzwa bei ndogo tu pale mjini kati. Ukiwa unabeti futa app, funga akaunti, toka kwenye magrupu ya mikeka yote hata lile la washikaji wa zamani.

Gharama: kubwa kuliko zote, na hapa wahubiri wengi wanapita haraka. Kumwambia mtu hama, acha kazi, vunja urafiki, ni rahisi kama we huna kodi ya kulipa. Kuna dada anafanya kazi sehemu bosi wake anamsumbua, ana wadogo zake wanasoma kwa mshahara ule ule, huyu ukimwambia tu kimbia kama Yusufu umempa nusu ya jibu. Abadilishe zamu kama inawezekana, asibaki naye peke yake, meseji asifute. Na ajue kwamba kusumbuliwa sio dhambi yake, mwenye cheo anayedai mapenzi ili akupe haki yako anafanya kosa la jinai, lipo kwenye Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, na TAKUKURU wanapokea malalamiko hayo. Hata kwa mwanafunzi na mwalimu wake ni hivyo hivyo.

Inadumu? Inadumu muda ule ule mipaka yako inapodumu. Lakini moyo unahama na wewe, Yesu alisema uchafu unatoka ndani (Marko 7:21-23), unaweza kutoka Igoma ukahamia Nyegezi na baada ya muda ukawa umeshajua baa mpya iko wapi.

Hatari: kuishia kuwakimbia watu. Kuna waliookoka hawasalimii tena majirani, hawaendi msibani, na Yesu kwenye Yohana 17:15 hakuomba tutolewe ulimwenguni, aliomba tulindwe na yule mwovu.

Inamfaa: zinaa, ulevi, kubeti, picha chafu, chochote chenye mahali na saa maalumu. Kwa wivu, kinyongo au uchungu wa moyo haifai kabisa, huwezi kukimbia kitu ambacho umekibeba kifuani.

KUUNGAMA NA KUWA NA MTU WA KUKUFUATILIA

Inaziba wapi: inaziba siri. Mithali 28:13 inasema afichaye dhambi zake hatafanikiwa, na Yakobo 5:16 inasema tuungamiane na kuombeana ili tupate kuponywa. Nimeona watu ambao jaribu lao lilipungua nguvu siku ile ile walipolitamka kwa sauti mbele ya mtu mwingine, kabla hata ya maombi, kwa sababu nusu ya nguvu yake ilikuwa ni kwamba hakuna anayejua.

Kila kanisa lina namna yake na sioni haja ya kudharauliana. Mkatoliki ana kitubio, na padre hawezi kutoa nje alichosikia pale kwa hali yoyote ile, huo ni usiri ambao rafiki hawezi kukuahidi. Ana pia jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizisisitiza sana miaka ya sabini, ila jumuiya ni ya kuombeana na kusaidiana, sio mahali pa kumwagia kila kitu mbele ya mtaa mzima. Upande wa Waprotestanti tuna urithi wa Uamsho wa Afrika Mashariki, ule uliowaka Gahini kule Rwanda miaka ya thelathini ukaenea Uganda na kushuka mpaka Bukoba, hawa wazee walikuwa wanakutana wanatubu hadharani, wanataja dhambi kwa jina, wanarudisha walivyoiba, wakiita kutembea nuruni kutokana na 1 Yohana 1:7. Makanisa ya kiroho ya sasa yana seli za nyumbani.

Tofauti iko hapa. Padre anakusikia na Mkatoliki anapokea maondoleo pale, ila kwa kawaida hatokupigia Jumatano saa nne usiku kukuuliza uko wapi. Mwenzako wa seli atakupigia, ila anaweza kuteleza ulimi. Kwa hiyo Mkatoliki asiishie kwenye kitubio cha Pasaka tu akadhani amemaliza, na mlokole asidhani kwamba kusimama mbele kulia mara moja kunatosha.

Gharama: aibu. Hiyo tu, ila ni nzito, wanaume hasa, kuna watu wako tayari kufunga siku 40 kuliko kumwambia ndugu mmoja sentensi moja.

Inadumu? Kwa ninavyoona kwa watu ninaotembea nao hii ndo inaenda mbali zaidi, lakini kwa sharti moja, maswali yawe ya kueleweka. "Unaendeleaje kiroho?" jibu lake ni "namshukuru Mungu" na mazungumzo yameisha. "Jana simu ililala wapi?" "Hela ya mgao umemtumia mama watoto shilingi ngapi?" hapo mtu hana pa kujificha.

Hatari: umbea, na umbea unaua imani ya mtu. Chagua mmoja au wawili, wa jinsia yako, waliokomaa, ambao umeshawaona wakikaa na siri ya mtu mwingine. Usimfungukie mtu ambaye nyumba yake au ndoa yake inaguswa na habari hiyo bila kupata ushauri kwanza. Usisimulie undani wa dhambi mpaka unamtia mwenzako jaribu. Na kama kuna mtoto ameumizwa, hilo haliishii kwenye maombi ya watu wawili, kuna Dawati la Jinsia na Watoto polisi, na anayetubu kweli hamfichi aliyeumiza mtoto hata kama ni yeye mwenyewe.

Inamfaa: anayeishi maisha mawili, mtumishi, mwanakwaya, kiongozi, mtu ambaye kila mtu anamdhania vizuri na yeye anajua sivyo.

KUSHIKA NENO MOYONI

Inaziba wapi: inaziba uongo. Yakobo 1:14-15 inaonesha dhambi ilivyo na hatua, mtu anavutwa na tamaa yake, tamaa inachukua mimba, inazaa dhambi, kwa hiyo kabla ya tendo kuna wazo, na wazo linakuja na sentensi. "Mara moja tu." "Unastahili, umefanya kazi sana." "Weka mkeka mmoja mkubwa urudishe zilizoliwa." Yesu jangwani alijibu mara tatu na mara zote tatu alijibu kutoka Kumbukumbu la Torati sura ya 6 na ya 8, hakuwa ameshika gombo mkononi, lilikuwa ndani.

Gharama: muda na uvumilivu. Uzuri wake ni kwamba inafika pale ambapo zingine hazifiki, usiku katikati ya ziwa mtandao hakuna, simu imefungwa kwenye mfuko wa nailoni isilowe, mchungaji yuko Mwanza, ila mstari ulioukariri uko na wewe kwenye boti.

Inadumu? Taratibu sana mwanzoni, watu wanakata tamaa. Usikariri mistari kumi mizuri mizuri, shika mmoja unaojibu uongo wako wewe. Wa kubeti ashike Mithali 13:11 kuhusu anayechuma kidogo kidogo. Wa tamaa ya macho ashike Ayubu 31:1.

Hatari: kujua bila kutenda. Shetani naye alinukuu Zaburi ya 91 pale pale jangwani.

Inamfaa: wale ambao vita yao ni kichwani, hofu, wivu, kinyongo, hatia ya zamani, na walioko mbali na kanisa kwa sababu ya kazi.

Wanafunzi wa chuo kikuu pale Malimbe wanalibeba jina la Mtakatifu Augustino, mwalimu wa Kanisa la zamani, kwenye vitambulisho vyao, basi waangalie yaliyompata. Mwaka 386 akiwa Milan, akiwa ameshindana na zinaa miaka mingi, alifungua nyaraka za Paulo akakutana na Warumi 13:13-14, hapo ni Neno. Rafiki yake Alypius alikuwa naye pale bustanini, na Augustino akamwambia yote, hapo ni mtu. Baada ya hapo aliacha kazi yake ya ualimu akaondoka mjini kwa muda na kundi dogo la ndugu na marafiki, hapo ni mazingira, na Pasaka ya 387 akabatizwa na Askofu Ambrose. Hakushinda kwa njia moja, na 2 Timotheo 2:22 imeziunganisha vile vile, kimbia tamaa za ujanani, fuata haki, pamoja na wale wamwitao Bwana.

SASA WEWE UKO WAPI?

Uko kambini kisiwani na jaribu linakuja mbalamwezi: anza na kukimbia, pesa itoke mkononi kabla hujaoga, na mstari mmoja wa kukaa nao usiku wa giza. Mfungo weka siku za kupumzika, sio siku unazovuta nyavu.

Uko hosteli, shida ni simu usiku: simu nje ya kitanda na mwenzako mmoja wa kukuuliza kila asubuhi. Kufunga kuje baadaye.

Una mwenza na kuna mtu kazini mmeanza kuandikiana meseji tamu: kata mawasiliano leo leo, alafu umwambie mlezi wako wa ndoa au padre kabla ya wiki kuisha. Kukata bila kumwambia mtu huwa kunarudi.

Pombe imeshakushika mpaka asubuhi mikono inatetemeka usipokunywa: hapo mwili ni mgonjwa pia, kuacha ghafla kunaweza kukuletea degedege, nenda hospitali, Bugando wanashughulika na magonjwa ya akili na uraibu ni sehemu ya hayo. Kwenda kwa daktari hakupunguzi imani, ndugu wakuombee huku unatibiwa.

Una kinyongo na ndugu yako kuhusu shamba la urithi kule kwenu: kukimbia hakutasaidia. Neno, mfungo wa siku moja moja, na mzee mmoja wa kuwakalisha chini (Mathayo 18:15-16).

Umeokoka mwezi huu na kila kitu ni kigeni: usibebe zote nne. Shika Neno na watu, seli au jumuiya iliyo karibu na unapolala, hata kama sio ile yenye kwaya nzuri.

Na kama umeanguka jana usiku na unasoma hii huku moyo umechafuka, usianze na mfungo wa kujiadhibu. Soma 1 Yohana 1:9, tubu hapo hapo ulipo, alafu kabla ya saa sita mchana mpigie yule mtu mmoja, na ukiwa Mkatoliki uliza paroko anaungamisha saa ngapi leo.